Chungu cha nyumba namba 54: kisa cha Lepenski Vir na samaki waliovuruga tarehe

Kuna chungu kimoja cha udongo kimewasumbua wanaakiolojia wa Serbia miaka na miaka, na ukikiangalia haraka haraka hakina ajabu yoyote, ni chungu tu, kimekutwa kwenye sakafu ya nyumba ambayo waliochimba waliipa namba 54. Shida ni kwamba kwa hesabu za mkuu wa uchimbaji chungu hicho hakikutakiwa kuwepo pale. Kabisa. Wenye ile nyumba, kwa jinsi alivyowaelezea yeye, walikuwa wavuvi na wawindaji ambao ufinyanzi hawaujui, kilimo hawakijui, mfugo wao ni mbwa peke yake. Sasa chungu kimefikaje ndani? Hicho ndio kisa chenyewe, na nimekipenda kwasababu ukikifuata hatua kwa hatua unaona jinsi watu wenye akili nyingi na nia safi wanavyoweza kuwa na ushahidi mkononi na bado wasikubaliane umesema nini.

Tuanze na mahali. Lepenski Vir ipo kwenye korongo la mto Danube linaloitwa Đerdap, wengine wanalijua kama Milango ya Chuma, mto unapita umebanwa na milima, ukingo wa kulia ni Serbia na ng'ambo ni Romania. Neno "vir" lenyewe maana yake ni maji yanayozunguka, na ndivyo ilivyokuwa, mbele ya kijiji mkondo ulikuwa unajizungusha pale kama vile kuna mtu anakoroga chini. Kwa mvuvi hiyo ni neema, samaki wakubwa wanakuja wenyewe. Na ninaposema wakubwa sio utani, kuna kambare wa Ulaya, kuna beluga ambao walikuwa wanapanda kutoka Bahari Nyeusi kwenda kutaga huko juu ya mto, samaki mmoja anaweza kuwa mrefu kuliko watu wawili waliolala wamefuatana. Ng'ambo ya pili, uso kwa uso na kijiji, kuna mlima Treskavac ambao ukiutazama ukiwa kijijini kilele chake kama kimekatwa na msumeno, juu bapa pande zimeinama, yani trapeziamu kabisa. Shika hilo umbo, tutarudi.

Watu walijua muda mrefu kidogo kwamba pale ukingoni kuna vigae vya kale, mwaka 1960 eneo likaandikwa kama makazi ya wakulima wa mwanzo wa utamaduni wa Starčevo. Utamaduni huo upo sehemu nyingi tu huko Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, kwa hiyo hakuna aliyekimbia na jembe. Kilichowakimbiza ni bwawa. Mwaka 1964 Yugoslavia (Serbia ilikuwa ndani yake) na Romania walianza kujenga bwawa la umeme la pamoja, ikajulikana kwamba maji yatapanda na ukingo wote huo wa chini utamezwa. Kwa hiyo mwaka 1965 Dragoslav Srejović wa Chuo Kikuu cha Belgrade akaanza kuchimba ili kuokoa kinachookoleka, na miaka miwili ya kwanza akapata alichotarajia, Starčevo juu, na chini yake dalili za kitu kingine ambacho hakieleweki vizuri. Mwaka 1967 ndio ardhi ikafunguka. Chini ya tabaka la wakulima zikatoka sakafu ngumu nyekundu, na juu ya sakafu vichwa vya mawe vyenye macho ya mviringo na midomo imeinama pembeni kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

Hizo nyumba inabidi nizieleze vizuri maana kesi yote imekaa humo. Kila moja imekatwa kwenye mteremko, upande mpana unatazama mto na ndio wenye mlango, upande mwembamba umeingia kilimani. Umbo? Trapeziamu, kama mlima wa ng'ambo, na huo mfanano watu wengi wanaona sio bahati mbaya, hata mimi siamini ni bahati mbaya. Sakafu ni chokaa iliyochanganywa na mchanga na kokoto, ikashindiliwa ikawa kama zege. Katikati kuna meko ya mstatili yaliyozungushiwa mawe marefu, na pembeni ya meko kwenye nyumba nyingi kuna vijiwe vyembamba vimesimikwa sakafuni kwa mpangilio wa pembetatu, kwenye nyumba moja namba 40 sehemu ya kijiwe kimojawapo wameweka taya la chini la binadamu. Nyuma ya meko ndio yanakaa yale mawe yaliyochongwa nyuso. Chini ya sakafu, upande wa nyuma, wamezikwa watoto wachanga, karibu 40 kwa kijiji kizima. Na kwenye nyumba namba 21 mtu mzima amelazwa kwa kutoboa sakafu, bega moja lina fuvu la mtu mwingine na upande mwingine fuvu la ng'ombe mwitu. Hawa sio watu waliokuwa wanapita njia.

Srejović akapanga matabaka kama ifuatavyo. Lepenski Vir I na II ndio kijiji cha trapeziamu na sanamu, III ndio wakulima wa Starčevo na vyungu vyao na mifugo yao. Mhungaria Sándor Bökönyi akachambua mifupa ya wanyama akasema kwenye I na II mnyama wa kufugwa ni mbwa tu, ng'ombe mbuzi kondoo wanaanza kwenye III. Ikakaa vizuri sana. Dunia ikaambiwa kwamba Ulaya kulikuwa na wavuvi waliojenga kijiji kwa mpango, wakachonga sanamu kubwa, bila kilimo, bila chungu hata kimoja, na wakulima walivyokuja baadae wakakuta shoo imeshaisha. Wakati huo karibu kila mtu alikuwa anafundisha kwamba kwanza kilimo, halafu kijiji, halafu sanaa. Kwa hiyo stori ya Srejović ilikuwa kofi la uso kwa mafundisho hayo, na lazima nikiri ni stori tamu.

Ila vigae vilikuwa vinaonekana ndani ya hizo nyumba.

Hapa watu wanapenda kumwonea mzee wakasema alificha, mimi naona hapana, jibu lake lilikuwa na mantiki. Fikiria mteremko, nyumba zimekatana, nyingine imejengwa juu ya mgongo wa nyingine, halafu juu yake wamekuja wakulima wakachimba mashimo yao mpaka yakatoboa sakafu za chini. Kigae kimoja kwenye udongo uliojaza nyumba hakikuambii kitu, kinaweza kuteremka na mvua, kinaweza kusukumwa na mzizi, panya akichimba anashusha kigae nusu mita bila kumuuliza mtu. Kila mchimbaji anajua hili na ndio maana wanatofautisha kitu kilichopo kwenye udongo uliojaza na kitu kilichokaa sakafuni. Kwa Srejović vigae vyote vya ndani ya I vilikuwa vya III vilivyoporomoka. Shida ya jibu la namna hii ni kwamba ukishalikubali mara moja linakujibia kila kitu, hata kikija chungu kamili unakuwa na pa kukiweka.

Na jirani yake alikuwa anasema kitu tofauti tokea mwanzo. Juu kidogo ya mto, ukingo huo huo, kuna sehemu inaitwa Padina, alikuwa anachimba Borislav Jovanović kipindi hicho hicho, bwawa lile lile linamfukuza. Nae akapata nyumba za trapeziamu. Na ndani ya nyumba zake akapata vyungu vya Starčevo, na yeye hakusema vimeporomoka, akasema ni vya humo humo, waliojenga hizi nyumba walikuwa na vyungu. Yani mahali pawili, nyumba za aina moja, wachimbaji wawili wanaosomana kila siku, majibu mawili. Ukiniuliza, hapo ndipo kengele ilitakiwa ilie, ila jina la Lepenski Vir lilikuwa kubwa mno na zile nyuso za samaki ndizo zilizokuwa kwenye picha kila mahali, Padina nani anaijua.

Kawaida ugomvi wa namna hii unamalizwa na tarehe. Unachukua mkaa, unapima kaboni 14, yani ile aina ya kaboni inayopungua kadri miaka inavyopita, ikibaki kidogo ujue kitu ni cha kale, mwisho. Basi wakapima mkaa wa Lepenski Vir na majibu yakaja changa, yakaangukia kwenye kipindi ambacho wakulima walishafika maeneo ya jirani. Waliotaka kijiji kiwe cha wawindaji watupu wakaona hizo tarehe zina kasoro. Miaka ya 1990 timu ya Clive Bonsall wa Edinburgh wakaona bora wapime mifupa ya watu wenyewe, maana mkaa unaweza kutoka kwenye gogo la zamani au shimo la baadae lakini mtu aliyezikwa ni yule yule aliyeishi. Majibu yakaja ya zamani zaidi. Unaona mchezo ulivyo, mkaa unasema hivi, mifupa inasema vile, na kila upande una maabara ya kuegemea.

Aliyewavuruga wote ni samaki. Maji ya mto yanapita kwenye miamba ya chokaa na kuyeyusha kaboni ambayo ni ya kale mno, haina tena kaboni 14 hata chembe. Mimea ya majini inaimeza hiyo kaboni, wadudu wanakula mimea, samaki wanakula wadudu, mtu anakula samaki miaka yote ya maisha yake, na mwisho mfupa wake unakuwa na kaboni "iliyozeeka" tokea siku ya kwanza. Ukiupima unakuambia mtu huyu ni wa kale kuliko alivyo kweli.

Nadharia hiyo ni rahisi kuisema, kuithibitisha ndio kazi, na walivyoithibitisha ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chini ya mto upande wa Romania kuna eneo la Schela Cladovei ambako kuna makaburi ya watu waliouawa, na baadhi yao bado wana ncha za mfupa zimewanasa mwilini, ncha zilizotengenezwa kwa mifupa ya wanyama wala majani wa nchi kavu. Mnyama huyo hajala samaki, kwa hiyo tarehe yake ni safi. Wakapima ncha, wakapima mtu aliyechomwa nayo. Kwa akili ya kawaida mtu na ncha iliyomuua lazima wapishane kidogo sana. Ila majibu yakaonesha mtu amekufa miaka mia kadhaa KABLA ya ncha iliyomuua haijatengenezwa, tofauti inacheza kwenye kama miaka 500. Hakuna maelezo mengine, mfupa wa mlaji samaki unajizeesha. Hiyo ilitoka mwaka 2001. Na kwa bahati kuna njia ya kujua nani alikula samaki kiasi gani, unapima aina nzito ya nitrojeni kwenye mfupa, mla samaki kipimo chake kinapanda juu, watu wa hilo korongo walikuwa juu sana, kwa hiyo unaweza kumrekebishia kila mtu tarehe yake kutokana na alichokula.

Baada ya marekebisho mvutano wa mkaa na mifupa ukapungua sana. Kijiji cha trapeziamu kikakaa kati ya mwaka 6200 na 5900 KK hivi. Watu walikuwepo pale ukingoni miaka elfu kadhaa kabla ya hapo, hilo halina ubishi, ila sakafu nyekundu, sanamu, watoto chini ya nyumba, hayo ni ya hiyo miaka mia tatu. Na 6200 KK ndio kipindi wakulima wa kwanza wanaingia Balkani ya kati. Kwa hiyo hawakukuta shoo imeisha, walikuwepo nayo ikiendelea.

Mwaka huo huo 2001 ndio chungu chetu kikapanda kizimbani. Wanaakiolojia Milutin Garašanin na Ivana Radovanović walichapisha makala fupi kuhusu chungu hicho kimoja cha nyumba 54, hoja yao ni kwamba kipo kwenye sakafu, sio kwenye udongo uliojaza, ni chungu na sio kigae cha kuokota, na nyumba ni ya Lepenski Vir I. Kigae kinaweza kuporomoka, sawa. Chungu hakiporomoki mteremkoni kikaja kujikalisha sakafuni. Srejović alifariki mwaka 1996 kwa hiyo hatujui angejibu nini. Mwanaakiolojia mwingine, Dušan Borić, nae alipofukua diari na picha za uwandani za miaka ya 1960 akakuta nyumba nyingine zenye vyungu na vitu vya kikulima kwenye sakafu zake.

Sasa ukifika hapa ni rahisi sana kuruka ukasema basi, kijiji kilikuwa cha wakulima, kesi imefungwa. Taratibu. Mwaka 2019 walitoka watu waliopima mafuta yaliyonywewa na kuta za vyungu vya wakulima wa mwanzo wa Balkani, sehemu nyingine walikuta mafuta ya wanyama wa kufugwa na maziwa kama ilivyotarajiwa, vyungu vya Milango ya Chuma vikatoa samaki. Yani chungu ni cha kikulima lakini kilichomo ni kitoweo kile kile cha babu. Sasa mwenye chungu utamwita nani? Mimi swali la "ni mkulima au mvuvi" nililiacha hapo hapo.

Meno nayo yana lake. Pale Vlasac, kama kilometa 3 chini ya mto, ugaga wa meno ya wavuvi wa kabla ya hizo nyumba ulikutwa na wanga wa nafaka za kupandwa, karibu mwaka 6600 KK, kwa hiyo chakula cha wakulima kilifika mdomoni kabla wakulima hawajafika mlangoni, watu walikuwa wanabadilishana vitu. Strontiamu, madini yanayoingia kwenye meno utotoni kutokana na ardhi ya mahali, inaonesha mtu alikulia wapi, na kipimo hicho kilichotoka mwaka 2013 kilionesha kwamba kuanzia kama 6200 KK wageni wameongezeka pale na wengi ni wanawake. Waliolewa? Waliletwa? Meno hayasemi. DNA ya mwaka 2018 ikamalizia: kati ya waliozikwa Lepenski Vir wamo ambao asili yao ni ya wakulima kutoka Anatolia (Uturuki ya leo) moja kwa moja, na yupo mwenye mchanganyiko wa pande zote mbili. Nikiunganisha yote naona wakwe. Naona mama mgeni anakuja na chungu chake, anakuta ukoo unaokaa ukitazama mlima na kula beluga, anapikia humo beluga. Hii ya mwisho ni yangu, msiipeleke darasani, na wapo wanaokwenda mbali zaidi wakauliza kama kijiji chenyewe hakikujengwa na hao wakulima.

Kuhusu Srejović, naomba nimtendee haki. Alikuwa anachimba huku saa ya bwawa inagonga, na hata hivyo alifungua eneo kubwa badala ya vijishimo vya kuonja, akaandika, akapiga picha, akaacha diari. Ushahidi uliomwangusha ni wa kwake. Angekuwa mchimbaji wa kuficha, picha ya chungu isingekuwepo na leo tungekuwa tunabishana na hewa. Kosa lake naliona dogo na la kibinadamu, alichora mstari kati ya I na III mapema mno, halafu mstari ukaanza kumwamulia kipi ni cha juu kimeanguka na kipi ni cha hapo. Nisilomwelewa ni kuhusu Padina, kwamba mwenzako ana nyumba kama zako na anakuambia vyungu vipo ndani, na wewe hurudi kuangalia sakafu zako upya.

Kurudi kuchimba pale pale haiwezekani tena. Kabla ya mafuriko mabaki ya nyumba yalikatwa yakahamishwa karibu mita 30 juu ya pale yalipokuwa, na tangu 2011 yamefunikwa na jengo kubwa la kioo na chuma, ukingo wenyewe upo chini ya maji. Milango mipana bado inatazama mto, na Treskavac bado ipo ng'ambo na kilele chake kilichokatwa. Ila maji ya mbele yametulia kama ziwa, hayazunguki tena, na beluga wakitoka Bahari Nyeusi wanaishia kwenye kuta za mabwawa huko chini.